Nyoka wachanga wawili ndani ya tangi moja: waishi vipi, na tuwashike lini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama, kwetu Mombasa, sasa tunaishi Coventry, Uingereza. Mwanangu wa miaka 13 alinisumbua mpaka nikamnunulia nyoka wa mahindi (corn snake) wawili, wachanga, wembamba kama kalamu. Tumewaweka pamoja kwenye tangi la kioo tulilokuwa tunafugia samaki, na taa ya joto juu. Mmoja tuliambiwa anakula vizuri, lakini hapa kwetu amekataa. Wa pili, mwanangu akiingiza mkono tu, anatikisa mkia na kurusha kichwa, jana amemuuma. Mimi nawaogopa, sijawagusa hata mara moja. Nyumbani kuna mdogo wake wa miaka miwili. Wakae vipi, na tuanze lini kuwashika? Na binamu yake wa Mombasa anataka kufuga naye, inawezekana?

JIBU: Marahaba, mama. Kabla hujafika mwisho wa jibu hili, tafuta boksi la pili na uwatenganishe. Hilo ni la leo, mengine yanaweza kusubiri wikendi.

Wauzaji wengi huwaweka nyoka wa mahindi pamoja dukani, na mnunuzi akiwaona wamelaliana anadhani wanapendana. Hawapendani. Wanagombea mahali pamoja penye joto, na mdogo kati yao ndiye huishia pembeni penye baridi. Nyoka huyu huishi peke yake porini, na imeshatokea zaidi ya mara moja kwamba mmoja akammeza mwenzake, hasa mmoja akiwa ananuka panya aliyetoka kumla. Hata wasipodhuriana, siku utakapokuta matapishi humo ndani hutajua ni ya nani. Umeniambia mmoja amekataa kula: wakiwa pamoja, sababu ya kwanza ninayoishuku ni huyo jirani yake.

Umeniuliza habari ya kushika, lakini mimi nitakaa sana kwenye boksi, kwa sababu tabia unayoiona mkononi inatengenezwa kule ndani. Fikiria hali yake. Nyoka wa mahindi aliyetoka kwenye yai juzi ana urefu wa sentimita 25 au 30 na uzito wa gramu 6 hadi 8. Asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia Florida kwenda juu Georgia na majimbo ya Carolina, na huko kila kiumbe kinamla: ndege, rakuni, paka, nyoka wengine. Adui zake wengi hutokea juu. Sasa anakaa kwenye kioo kitupu, anaonekana pande zote nne, kisha mkono wenye vidole vitano unamshukia kutoka juu. Kutikisa mkia na kurusha kichwa si ukali. Ni hofu, na ndiyo silaha pekee aliyo nayo, maana sumu hana kabisa. Akikamata panya, humuua kwa kujiviringisha na kumbana.

Tangi la samaki si baya, ila lina kasoro tatu: liko wazi mno, mfuniko wake haubani, na joto lake linatoka upande usiofaa.

Uwazi ni rahisi kuutibu. Ziba pande tatu kwa nje kwa karatasi nzito au kadibodi, ubakize mbele tu. Ndani jaza vitu: matawi membamba, majani ya plastiki, mirija ya kadibodi inayobaki tishu za chooni zikiisha, gome la mti. Kisha weka maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Hili la mawili halina mjadala, kwa sababu nyoka mwenye ficho moja hulazimika kuchagua kati ya usalama na joto, na mchanga huchagua usalama, abaki na baridi na chakula kisisagike tumboni. Ficho zuri ni dogo, linalomgusa mgongo na mbavu anapojikunja. Kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango wa upana wa kidole gumba na kufunikizwa chini kinafaa kabisa kwa umri huu, wala hakuna haja ya kununua mapango ya plastiki ya bei mbaya.

Kwa boksi la pili, chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana kwa vishikio, urefu wa sentimita 40 hadi 60, kitamtosha mwaka wa kwanza. Toboa matundu madogo ubavuni pande mbili ili hewa ipite. Baadaye watakua: nyoka wa mahindi mzima hufikia sentimita 120 hadi 150, na huyo anahitaji nyumba ambayo anaweza kujinyoosha kwa urefu wake wote, angalau sentimita 120 kwa 60 na kimo cha 60, na ndefu zaidi kama atarefuka kuliko hapo. Wawili maana yake nyumba mbili za ukubwa huo, kwa miaka 15 hadi 20. Kama sebule yenu haina nafasi hiyo, mmoja mtafutie mwenyeji mwingine sasa, angali mdogo na anatafutwa.

Kuhusu mfuniko: palipopita kichwa, mwili wote utapita. Tundu la waya wa taa linatosha. Mfuniko wa tangi la samaki una uwazi wa mpira wa pampu nyuma, na nina hakika hamjauziba. Uzibe leo, na mfuniko wenyewe uwe na kufuli au klipu, si kitabu kilichowekwa juu. Nyoka hawa hupima kingo usiku kucha kwa pua, na kitabu si kizito kama unavyodhani kwa mnyama ambaye kazi yake ni kusukuma.

Sasa joto. Taa juu ya kioo hukausha hewa, hupasha juu na kuacha sakafu ya baridi, na ikiwaka usiku humnyima nyoka giza lake. Kwa nyoka mchanga ninapendelea mkeka wa joto uliowekwa nje, chini ya tangi, ufunike theluthi moja tu ya sakafu. Theluthi moja, ili upande wa pili ubaki wa baridi na mnyama achague mwenyewe. Upande wa joto uwe nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, usizidi 32 pale sakafuni, na upande wa baridi uwe 20 hadi 24. Usiku ukishuka kidogo hakuna ubaya, ila chumba cha Coventry mwezi wa Januari, hita zikizimwa, kinaweza kushuka kuliko unavyofikiri, kwa hiyo mkeka usizimwe.

Na mkeka huo usiwashwe bila themostati, kifaa cha kudhibiti joto lisizidi. Mkeka uliochomekwa moja kwa moja ukutani unaweza kupita nyuzi 40, na nyoka hana akili ya kutoka haraka sehemu inayomchoma kwa chini. Hulala palepale mpaka magamba ya tumbo yanaungua. Kihisio cha themostati kikae palepale juu ya mkeka, kigandishwe kisisogee, na upime pia kwa kipimajoto cha pembeni. Vile vipimajoto vya kubandika kioo vyenye mshale hupima joto la kioo, wala si la mahali nyoka alipolala. Mawe ya umeme yanayouzwa kwa ajili ya mijusi usinunue.

Sakafu, kwa wiki za mwanzo, tandika tishu za jikoni. Hazina uzuri wowote, lakini utaona kinyesi, damu, utitiri, kila kitu. Baadaye hamia kwenye maranda ya mti wa aspeni, kina cha vidole vitatu au vinne ili aweze kuchimba na kupita chini kwa chini. Maranda ya mwerezi na msonobari yana mafuta yanayoumiza mapafu ya nyoka, hata kama yamefungwa vizuri na kuandikwa ni ya wanyama. Bakuli la maji liwe zito lisipinduke, maji yabadilishwe kila siku. Ukiona vidoa vyeusi vidogo vimezama humo, huo ni utitiri, na tafuta msaada kabla haujahamia boksi la pili.

Kwa yule aliyekataa kula, usimpe kitu kwa siku tano hadi saba baada ya kumhamisha, wala msimguse. Katika siku hizo mpigie aliyekuuzia umuulize amekula mara ngapi, tarehe zipi, na alipewa panya wa friza au aliye hai. Muuzaji makini ana kumbukumbu hiyo kwenye karatasi. Wengine watakuambia "anakula, anakula", na jibu hilo pia linakupa picha.

Chakula chao ni kipanya kichanga kisicho na manyoya, mmoja kila baada ya siku tano hadi saba, unene wake usizidi sana sehemu nene ya mwili wa nyoka. Kiyeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha kitie kwenye mfuko wa plastiki na uuzamishe katika maji ya moto ya bomba mpaka kipate uvuguvugu wa mwili, kama nyuzi 38. Usitumie maikrowevu, kitaiva upande mmoja na kupasuka. Kikaushe kwa tishu. Mpelekee jioni, taa za chumba zikiwa hafifu, kwa koleo refu, kichwa cha kipanya kikitangulia, ukikisogeza polepole mbele ya mlango wa kifuu. Akitoa ulimi mara nyingi, kisha akatulia na shingo ikajikunja, usimtikisie zaidi. Asipochukua, kiache mlangoni, funika, zima taa, nendeni mkalale. Asubuhi kikiwa bado kipo kitupe, na usijaribu tena mpaka baada ya wiki. Kosa la wafugaji wapya ni kumwamsha kila siku na kumpitishia mzoga puani, wakimwongezea sababu ya kutokula.

Akikataa mara kadhaa mfululizo na uzito unashuka, hapo ni daktari wa wanyama anayetibu reptilia. Si kliniki zote Uingereza zinawapokea, kwa hiyo piga simu sasa ujue ipi iliyo karibu, usingoje dharura. Nunua mizani ndogo ya kidijitali, iwe yake peke yake, umpime kila wiki na kuandika. Panya aliye hai usimpe: panya huuma, na nyoka asiye na njaa hukaa akitafunwa.

Baada ya kula, saa 48 hakuna kumshika. Akishikwa tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika, na kutapika kwa nyoka wa gramu saba si jambo dogo, kwani asidi ya tumbo humuumiza koo. Ikitokea, mwache siku 10 hadi 14 bila chakula, hakikisha joto, kisha anza na kipanya kidogo kuliko cha kwanza. Kwa sababu hiyo siwashauri kuwahamishia chombo kingine cha kulia, desturi ambayo mtaikuta kwa wafugaji wengi. Nyoka anayeishi peke yake alie kwake.

Sasa mkono. Kila nyoka ale mara mbili au tatu mfululizo katika nyumba yake mpya bila kutapika, ndipo mwanao aanze kumshika. Hiyo ni kama wiki tatu, na kwa mtoto wa miaka 13 ni muda mrefu mno, najua. Mpe kazi: kubadilisha maji, kusoma joto asubuhi na jioni, kuandika daftari. Nyoka atamzoea akiwa pale, na mkono unaokuja kuondoa bakuli na kutoka utaacha kuwa tishio.

Siku ya kwanza anawe mikono kwa sabuni ili isinuke panya, tena asiwe ametoka kushika hamsta au paka. Aondoe ficho kwanza, asimfukue nyoka kutoka ndani yake. Mkono uingie kwa ubavuni, chini, usawa wa sakafu, si kutoka juu. Amguse katikati ya mwili kwa upande wa kidole, mara moja, apumzike. Nyoka akitulia au akianza kutambaa, ateleze vidole chini yake na kumwinua kwa ujumla wake, mwili wote ukiwa umebebwa. Asimkamate nyuma ya kichwa na asimbane. Kazi ya mikono ni kuwa njia tu: nyoka anatambaa kutoka mkono huu, mkono wa pili unatangulia kumpokea, kisha ule wa kwanza unazunguka tena mbele. Wachanga hukimbia sana dakika ya kwanza, halafu mwendo unapungua na ulimi unaanza kutoka taratibu. Ulimi huo ndio wa kuuangalia. Ukitoka polepole, anachunguza. Mwili ukikakamaa na shingo ikajikunja kama herufi S, mikono itulie mpaka alegee, ndipo arudishwe.

Akae kitandani au chini kwenye zulia, maana nyoka akianguka kutoka kimo cha mtu mzima huumia. Dakika tano, mara mbili au tatu kwa wiki, zinatosha mwezi wa kwanza. Na amrudishe akiwa ametulia. Akirudishwa kila anaporusha kichwa, atajifunza kwamba kurusha kichwa kunafukuza mkono. Kwa huyo wenu wa pili, mwanao akiona vigumu kuingiza mkono uchi, atumie kipande cha karatasi gumu kumsukuma taratibu hadi kwenye kiganja cha pili. Glavu nene hazifai, mtu hawezi kuhisi anavyombana.

Ataumwa tena, pengine. Meno ya nyoka huyu katika umri huu ni kama ncha za brashi, yanaacha vitone viwili vitatu vya damu. Shida huja mtu anapovuta mkono kwa nguvu, kwa kuwa meno yamepinda kuelekea nyuma: ngozi inachanika na jino linaweza kuvunjika mdomoni mwa nyoka. Atulie. Kwa kawaida huachia papo hapo. Akig'ang'ania, maji ya baridi ya bomba yakimpitia mdomoni yatamwachisha. Halafu sabuni na maji, basi.

Kuna wakati hata nyoka mpole hataki kuguswa. Rangi yake itafifia, tumbo litapata wekundu kidogo, na macho yatakuwa ya bluu yenye ukungu. Anakaribia kujivua gamba na haoni vizuri. Baada ya siku chache macho yanang'aa tena, na gamba linatoka siku chache baadaye. Muwekee kopo lenye moss, ule mmea laini wa bustani unaoshika unyevu, lililoloweshwa maji, atajificha humo. Gamba likitoka, liangalie pale kichwani kabla ya kulitupa: linatakiwa liwe na vioo viwili vidogo vya macho. Visipokuwepo vimebaki machoni mwake, na asithubutu mtu kuvibandua kwa kibano. Mwongezee unyevu, na vikibaki tena baada ya kujivua kunakofuata, mpeleke kwa daktari.

Huyo mdogo wa miaka miwili asiwashike kabisa, wala asicheze sakafuni walipotambaa. Nyoka mwenye afya njema anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila dalili yoyote, na watoto wa chini ya miaka mitano, wazee na wenye kinga dhaifu ndio huumwa vibaya. Bakuli za nyoka zisioshwe kwenye sinki la jikoni. Panya wa friza wakae kwenye chombo chao chenye mfuniko, chini kabisa, mbali na samaki na mandazi yenu.

Hofu yako, mama, sikulaumu. Mtu aliyekulia kwenye swila na kifutu amefundishwa kukimbia, na kule mafunzo hayo yanaokoa. Lakini kuna jambo la kisheria linalokuhusu wewe moja kwa moja. Kwa sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inayotumika Uingereza na Wales, mnyama hauzwi kwa aliye chini ya miaka 16, na mnyama wa mtoto huyo anahesabiwa kuwa chini ya dhamana ya mzazi anayemlea. Nyoka wa mahindi hahitaji leseni huko, ila akifa kwa njaa au kuungua, atakayeulizwa ni wewe. Huna haja ya kumshika. Jifunze tu kusoma themostati na kufunga klipu.

Mmoja akitoroka, msimtafute katikati ya chumba. Fungeni milango, mzibe chini yake kwa taulo, kisha mtafute kingo za ukuta, nyuma ya friji, chini ya hita, ndani ya mikunjo ya sofa. Msipomwona, nyunyizeni unga mwembamba milangoni usiku. Asubuhi utaona alikopita. Mlango wa nje muulinde kuliko yote, kwani kumwachia nyoka wa kigeni porini Uingereza ni kosa kisheria, na baridi yenyewe itamuua.

Binamu wa Mombasa mwambie asubiri. Kenya wanyamapori wako chini ya sheria ya mwaka 2013, na kufuga nyoka bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kutamwingiza matatani, hata kama kamwokota shambani kwao. Likizo mpelekeni Watamu, kwenye shamba la nyoka la Bio-Ken, akawaone nyoka wa pwani karibu na watu wanaowajua. Na akikuta kitoto cha nyoka uani, awaite wakubwa, asikiguse kwa kuwa amemwona binamu yake kwenye video akifanya hivyo: swila na kifutu wana sumu tangu siku ya kwanza ya maisha yao.